Johnny Evers aliingia kwa lipi katika ukumbi wa magwiji wa besiboli?

Kijana wa Wete:
Assalamu alaykum, wakubwa zangu. Katika kusoma habari za besiboli ya Marekani ya zamani nimekutana na Johnny Evers, mlinzi wa bezi ya pili (bezi ni vile vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvigusa kwa mfuatano ili apate bao) wa timu ya Chicago Cubs, aliyeteuliwa mwaka 1946 kuingia katika ukumbi wa magwiji ulioko Cooperstown. Wastani wake wa kupiga (mipigo iliyofanikiwa ikigawanywa kwa zamu za kupiga) ni 0.270 tu, ilhali Honus Wagner wa Pittsburgh, wa zama zile zile, aliongoza wapigaji wa ligi yao mara 8. Naomba kufahamishwa, Evers alikuwa na lipi?

Mzee wa Forodhani:
Wa alaykum salaam, mwanangu. Wagner mpime kwa gongo, lakini Evers mpime kwa kanuni. Alikuwa mwembamba kama ufito, hodari wa kubishana na waamuzi, na wenziwe walimpachika jina la Kaa. Tarehe 4 Septemba 1908, huko Pittsburgh, mkimbiaji wa wapinzani aliondoka uwanjani bila ya kuigusa bezi ya pili baada ya mpigo wa ushindi. Evers alidai kuwa bao halihesabiki, kwa sababu mkimbiaji anayelazimika kusogea akitolewa kabla ya kufika, na akawa ndiye wa tatu kutolewa, bao lililoingia hufutwa. Mwamuzi Hank O'Day alimkatalia.

Tarehe 23 ya mwezi huo huo, New York, Cubs na Giants wakiwa 1–1, kijana wa Giants wa miaka 19, Fred Merkle, alifanya kosa lile lile huku watazamaji wakifurika uwanjani kushangilia. Evers aliitisha mpira na kuikanyaga bezi ya pili akiwa nao, ili Merkle ahesabiwe ametolewa. (Kama mpira wenyewe ndio ule uliopigwa, watu wa New York walilibishia hilo miaka mingi.) Mwamuzi alikuwa O'Day tena, na safari hii alikubali. Mechi ilirudiwa tarehe 8 Oktoba, Cubs wakashinda 4–2 na kutwaa ligi kwa tofauti ya mechi moja, kisha wakaishinda Detroit katika fainali kuu, taji ambalo hawakulipata tena hadi 2016.

Bibi wa Mkunazini:
Mzee wangu, mimi hunishangaza zaidi kule kununiana kwake na Joe Tinker, jirani yake uwanjani, ambaye waligombana mwaka 1905 wakakaa miaka wasisemezane, na bado wakipokezana mpira bila ya kukoseana. Hapa mtaani tunao wawili wa namna hiyo, hawaamkiani, lakini wakiwa upande mmoja katika karata hakuna awawezaye. Tinker na Frank Chance wa bezi ya kwanza waliteuliwa mwaka ule ule wa 1946, nami naona shairi la gazetini la mwaka 1910 lililowataja wote watatu liliwasaidia sana.

Kijana wa Wete:
Shukrani, Mzee na Bibi. Je, nje ya Chicago alifanya lolote?

Mzee wa Forodhani:
Alifanya. Mwaka 1914 alihamia Boston Braves, timu iliyokuwa ikiburura mkia mwezi wa Julai, ikaishia kuwa bingwa na kuifagia Philadelphia Athletics 4–0 katika fainali. Yeye alipiga wastani wa 0.438 katika mechi hizo nne, na msimu huo ndiye aliyetunukiwa kuwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi yake, zawadi yenyewe ikiwa ni motokari.