Mgeni wangu wa Kijapani, joto na likizo: nimuulize nini?

BintiKikwajuni
Assalaam aleikum jamaa. Nyumbani tumepokea msichana wa Kijapani, anasoma Kiswahili chuoni Osaka. Kwao mwaka wa masomo huanza Aprili, kwa hiyo Februari na Machi ni likizo yake ndefu, akaamua kuja kwetu. Ramadhani nayo imemkuta humu humu. Mama kanipa kazi ya kukaa naye barazani kila baada ya Alasiri tuzungumze, maana kusoma anasoma vizuri ila mdomo mzito.

Mazungumzo yetu ni haya: "Leo joto." "Ndiyo, joto sana." "Siku zilizobaki utakwenda wapi?" "Nungwi." "Nungwi pazuri." "Ndiyo, pazuri." Basi, tunabaki kutazama wapita njia. Nampenda huyu mtoto wa watu, sitaki arudi kwao na Kiswahili cha kuagizia urojo tu. Nimuulize nini? Halafu nikimsahihisha ananyamaza kabisa. Nimwache akosee?

Mwalimu_Vuga
Waaleikum salaam. Mwache akosee. Ukishaelewa alichokusudia, mjibu kwa maneno yaliyo sawa na msonge mbele. Akisema "jana mimi nakwenda Forodhani", mwambie "Aa, jana ulikwenda Forodhani! Ulikula nini?" Ataisikia. Lakini dada, maswali yako yanajibika kwa neno moja. Muulize ya nyuma: alipokuwa mdogo, skuli zikifungwa, asubuhi walikuwa wakifanya nini? Nani alikuwa akipika? Hapo hana budi kusimulia.

Mzee_wa_Wete
Mwanangu, hilo joto lenyewe hamjalizungumza bado. Huku Pemba mtu hasemi "leo joto" akaishia hapo. Tunauliza upepo unatoka wapi, na ukiujua upepo umeshajua nani ana kazi na nani kakaa. Joto la sasa ni la kaskazi. Mweleze kwamba inaanza kushika kwenye Disemba, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Mabaharia wakikaa kwetu mpaka kusi ivume ndipo wapate kurudi. Kisha muulize kwao upepo gani unawatia taabu. Atakwambia vimbunga vya Agosti na Septemba, na hapo hutamnyamazisha.

Halafu karafuu. Mtu aliyeanika karafuu anaitazama mbingu kwa namna nyengine kabisa. Zinataka jua la siku 4 au 5. Wingu likijikusanya tu, nyumba nzima mbio uwanjani, wakubwa na wadogo, kukunja majamvi, maana zikirowa hazijakauka zinaharibika rangi na bei inaanguka. Utotoni likizo zetu zilipita hivyo: mchana kuchuma, usiku kuchambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, mpaka usingizi unatuchukua palepale juu ya lundo, na asubuhi mikono inanuka karafuu hata ukila muhogo. Mtoto wa Wete akiulizwa habari za likizo, atakusimulia hayo. Msimulie wewe kwanza, tena usiharakishe, halafu mpishe na yeye aseme.

Na usimwachie Nungwi tu. Avuke aje Pemba wakati huu. Akisubiri Julai, kusi ikiwa kali, kwenye mkondo wa Nungwi hata sisi tuliozaliwa visiwani tunaomba mifuko ya kutapikia.

Mwani_Paje
Mlete kwetu siku za bamvua, maji yakitoka mbali. Sisi wanawake tunafunga mbegu za mwani kwenye kamba huku tunapiga soga, na lugha inaingia yenyewe. Atajionea joto linavyotufanya: kiangazi kama hiki maji yakipata moto mwani unaugua, unakatika kwenye kamba, jasho lote linakwenda na maji. Avae viatu, chini kuna miiba.

BintiKikwajuni
Ahsanteni sana wote. Jana nilianza na Idd. Nikamsimulia tunavyokwenda Makunduchi kwa bibi, nguo mpya, watoto wanavyogombania pesa za sikukuu. Nikamuuliza, kwenu jamaa wote hurudi kijijini lini? Kafunguka! Katikati ya Agosti wana Obon, wanarudi kwa wazee, wanaosha makaburi ya mababu, wanaweka maua. Bibi yake humwagia maji kaburi taratibu na kata, akizungumza na marehemu mumewe habari za wajukuu. Nilimsikiliza mpaka nikasahau kuhesabu makosa.

Kisha akasema joto la Agosti la Osaka ni zaidi ya hili letu, mchana linaweza kupita digrii 35 na usiku hakuna upepo wa bahari wa kukupoza. Mama alikuwa jikoni na futari yake, akatoka na mwiko mkononi: "Japani kuna joto?" Yeye akijua theluji tu! Wakakaa wao wawili, huyu anauliza, huyu anajibu, mpaka adhana ya Magharibi. Mimi sikupata nafasi ya kusema.

Paje tutakuja bamvua ijayo, inshallah. Mzee, tukija Wete Idd tatu tutakuta nini?

Mzee_wa_Wete
Mavuno yamepita, lakini mikarafuu ipo na majamvi yapo, mke wangu atamwonesha kila kitu. Upepo siku hizo unakuwa umelegea, bahari shwari. Ila msichelewe, masika yakishika njia ya shamba kwetu ni tope tupu. Nijulisheni mnapanda boti ya siku gani, nitawapokea bandarini.