MJADALA: Eurydice wa Hadestown, ameshushwa kuzimu au amejishusha mwenyewe?

Mleta mada

Wapenzi wa sanaa za jukwaani, salaam. Wengi wenu mnaifahamu Hadestown, opera ya Anaïs Mitchell inayochanganya muziki wa kiasili wa Marekani, roki na jazi ya New Orleans. Mitchell aliianza kwao Vermont mwaka 2006, akaitoa kama albamu mwaka 2010, kisha akaifanyia kazi pamoja na mwongozaji Rachel Chavkin hadi ikafika Broadway mwaka 2019 na kuzoa Tuzo 8 za Tony, ikiwemo ile ya tamthilia bora ya muziki. Sifa zake sizipingi. Ninalotaka tulijadili ni badiliko moja tu alilolifanya katika kisasili chenyewe.

Katika masimulizi ya kale ya Wagiriki, Eurydice anakufa kwa kuumwa na nyoka, na mumewe Orpheus, mwanamuziki, anamfuata kuzimu na kinubi chake ili aombe arudishiwe mkewe; anakubaliwa kwa sharti kwamba atangulie bila kugeuka nyuma kumtazama hadi watoke, lakini anageuka na kumpoteza tena. Katika Hadestown kinachomwondoa Eurydice duniani ni njaa na baridi. Orpheus amezama katika kutunga wimbo wake kiasi cha kutomsikia akimwita, na Hades, mungu wa kuzimu ambaye humu ni tajiri wa migodi na viwanda, anamwahidi kazi na shibe. Eurydice anakubali, anashuka, anatia sahihi mkataba. Je, badiliko hili limempa mwanamke huyu hiari ambayo washairi wa kale walimnyima, au limembebesha lawama ya msiba ambao haukuwa wa kujitakia?

Msimamo wangu ni kwamba limempa hiari, tena limefanya jambo kubwa zaidi, kwa kuwa linatulazimisha kuuliza ni nani aliyeileta njaa hiyo. Jibu limo ndani ya opera yenyewe: Hades huja kumrudisha kuzimu mkewe Persephone, anayeleta majira ya joto duniani, kabla ya wakati wake, majira yanavurugika, mavuno hayapatikani, na wanaoumia ni maskini walioko juu ya ardhi. Anayetoa ajira ndiye huyo huyo aliyeziba njia nyingine zote za kuishi. Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini lakini sikubaliani nawe. Uzito wa kisasili hiki unatokana na kwamba kifo cha Eurydice hakina sababu. Mshairi wa Kirumi Ovid, katika kitabu cha 10 cha shairi lake Metamorphoses, anatuonyesha bibi harusi anayetembea majanini na wenzake, anaumwa kisigino, na habari yake inaishia hapo. Hakukosea yeye wala hakukosea mumewe, na ndiyo maana kila aliyefiwa anaweza kujiona humo. Ukishaweka mkataba umefungua kesi, na kesi haiendi bila mshitakiwa.

Tazama pia kinachotokea mwishoni. Kwa Ovid, Orpheus anageuka nyuma kwa hofu na kwa hamu ya kumwona mkewe, naye Eurydice, anapokufa mara ya pili, hana la kumlalamikia, kwani angelalamikia nini zaidi ya kupendwa? Katika Hadestown anayetembea nyuma ni mtu aliyewahi kuondoka kwa miguu yake, hivyo shaka ya Orpheus inapata msingi ambao haikuwa nao, na mtazamaji anajikuta akihesabu nani alimkosea nani. Mapenzi yamegeuzwa madai.

Mchangiaji wa pili

Kabla ya kumhukumu Mitchell kwa kukigusa kisasili, tuwakumbuke waliomtangulia. Opera ya Jacopo Peri ya mwaka 1600 iliandaliwa kwa ajili ya harusi ya Maria de' Medici na mfalme wa Ufaransa, na ndani yake Eurydice anarudi salama salimini (nani angethubutu kumpoteza bibi harusi mbele ya bibi harusi?). Mtunzi Gluck naye, katika opera yake ya huko Vienna mwaka 1762, alimleta mungu wa mapenzi amfufue. Hao waliubadilisha mwisho, ilhali Mitchell ameuacha pamoja na maumivu yake. Kwangu mimi, yeye ndiye mwaminifu kuliko hao wawili.

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, nashukuru kwa kumleta Ovid, ila umemruka Virgil, mshairi mwingine wa Kirumi aliyemtangulia kuandika. Katika kitabu cha 4 cha shairi lake Georgics, Eurydice anakutana na nyoka akiwa mbioni, anamkimbia Aristaeus, mfuga nyuki aliyekuwa akimfukuza, na baadaye nyuki wa Aristaeus wanakufa kama adhabu ya kosa hilo. Kesi ilikuwepo tangu zamani, na mshitakiwa alijulikana kwa jina. Virgil huyo huyo anampa Eurydice kauli pale Orpheus anapogeuka: anamwuliza ni wazimu gani huu uliowaangamiza wote wawili. Yule mke anayekufa bila lalamiko ni wa Ovid, si wa kisasili kizima.

Ama kuhusu lawama, opera imejihami. Mara tu Eurydice anapoondoka, wale miungu watatu wa majaaliwa wanawageukia watazamaji na kuwaambia kwamba kushika misimamo ni rahisi kwa aliyeshiba.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, hiari unayoisifu ni ipi? Aliyeachiwa njia moja hajachagua. Wafanyakazi wote wa Hades waliingia kwa mlango huo huo, wakasahau hata majina yao, na kazi yao ni kujenga ukuta usiokwisha. Wimbo wa ukuta huo, ambao watu wengi waliusikia kama jibu kwa Donald Trump na ahadi yake ya ukuta mpakani mwa Mexico, ulitungwa miaka 10 kabla ya uchaguzi wa 2016. Hades anauliza, nao wanaitikia kwamba wanajenga ili wawe huru na kwamba adui yao ni umaskini. Hiari ya Eurydice ni ya aina hiyo.

Ugomvi wangu na Mitchell uko kwingine. Kwa Ovid, sharti la kutogeuka nyuma ni amri tu, haielezwi. Katika Hadestown limekuwa mbinu ya mwajiri anayeogopa maasi: Hades akikataa kuwaachia Orpheus na Eurydice, Orpheus atakuwa shujaa mbele ya wafanyakazi, na akiwaachia bure ataonekana dhaifu, kwa hiyo anawaachia kwa mtihani anaotumaini watashindwa. Ni ubunifu mkubwa. Lakini baada ya Orpheus kushindwa, Hermes, msimulizi wa opera hii, anauanza wimbo upya, na hatuelezwi kilichowapata wale waliokuwa wamesimama wakimtazama kwa matumaini ya kumfuata. Tunabishana kama Eurydice amelaumiwa, naye ni mtu mmoja aliyekuwa na wa kumfuata. Wengine walitia sahihi mkataba ule ule, na hakuna aliyeshuka kuwatafuta. Ningependa mleta mada alijibu hilo.