Ziara ya kuwatazama manatii Crystal River, Florida: naomba ushauri kabla sijalipia

Mama Nuru (Atlanta) anauliza:

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu mzazi atakuja kututembelea kutoka Tanga mwezi wa Januari, na mume wangu amependekeza tuendeshe gari hadi Crystal River, mji mdogo ulioko upande wa magharibi wa Florida, ili tuingie kwenye ziara ya kuongozwa ya kuogelea kwa miwani na snokeli (mrija wa kupumulia) na kuwatazama manatii, wale ndugu wa nguva wetu wanaoishi katika mito na ghuba za huko. Tutakuwa watu wazima watatu na mtoto wa miaka tisa. Mume wangu na mtoto wanaogelea vizuri, mimi naogelea kwa kujikongoja, na mama hajui kuogelea kabisa ingawa amezaliwa na kukulia ufukweni.

Kinachonifanya nisite ni yale ninayoyajua ya Kizimkazi. Waliowahi kufika kule kusini mwa Unguja wameona jinsi pomboo akiibuka tu boti kadhaa zinavyomfukuzia kwa mashine, kisha watalii wanahimizwa kuruka majini mbele yake, mnyama anazama, na mbio zinaanza upya mahali pengine. Sasa nimekutana na picha za mtandaoni za watu wakiwakumbatia manatii, nami sitaki mwanangu ajifunze kwamba hivyo ndivyo tunavyokaa na viumbe. Je, ziara za Crystal River ni za namna hiyo? Kampuni ni nyingi na kila moja inajisifu, nitazitofautisha vipi? Na kwa mtu wa umri wa mama, kuna maana yoyote ya kwenda naye?

Mkazi wa Tampa anajibu:

Dada Mama Nuru, mama akifika mpe shikamoo zetu. Mimi naishi mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Crystal River, na wageni wangu wanaokuja wakati wa baridi huwapeleka huko.

Nianze na hofu yako, kwa sababu ukishaielewa tabia ya mnyama huyu maswali mengine yanajijibu. Manatii hawafuatwi na boti hadi Crystal River; wanakuja wenyewe, na kinachowaleta ni baridi. Mtu humwona alivyo mnene, urefu wa mita tatu na uzito wa kilo 450 au zaidi, akadhani amejaa mafuta kama nyangumi, kumbe mafuta yake ni machache na mwili wake huzalisha joto kidogo sana. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa siku nyingi huugua, na anaweza kufa. Chemchemi zinazomimina maji katika ghuba ya Kings Bay, hapo hapo mjini, hutoa maji ya nyuzi 22 mwaka mzima, kwa hiyo Ghuba ya Mexico inapopoa mamia ya manatii huingia humo kujihifadhi. Anayemsumbua mmoja wao hadi akaondoka kwenye chemchemi ni sawa na aliyemtoa mtu nje ya nyumba usiku wa barafu, hata kama nia yake ilikuwa kupiga picha tu.

Sheria zimejengwa juu ya jambo hilo. Manatii analindwa na sheria ya Marekani ya mamalia wa baharini ya mwaka 1972, na ile ya viumbe walio hatarini ya mwaka 1973, tena jimbo la Florida lina sheria yake ya mwaka 1978, ambayo peke yake inaweza kumpa mkosaji faini ya hadi dola 500 na kifungo cha hadi siku 60. Adhabu za serikali kuu ni nzito kuliko hizo. Hifadhi ya taifa iliyopo hapo ilianzishwa mwaka 1983 mahususi kwa ajili ya mnyama huyu. Kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 31 Machi, sehemu kadhaa za ghuba huzungushiwa kamba na maboya, na binadamu haruhusiwi kupita humo kwa boti wala kwa kuogelea. Manatii huingia na kutoka apendavyo. Wewe unaelea upande wa nje wa kamba, na akiamua kuja kukuchungulia, huo ni uamuzi wake.

Siku yenyewe huenda hivi. Boti huondoka mapema, nyingine kabla jua halijachomoza vizuri, kwa kuwa asubuhi maji huwa yametulia na watu bado ni wachache. Kabla ya kupanda mtaoneshwa video ya taratibu za majini, ambayo kila mteja sharti aitazame. Mtapewa suti ya mpira, miwani, snokeli na boya jembamba la povu la kukumbatia kifuani. Mapezi ya miguuni kwa kawaida hayatolewi, kwa sababu hutimua matope na kumshtua mnyama. Nahodha hubaki kwenye boti, mwongozaji huingia nanyi majini, nanyi mnalala kifudifudi bila kukanyaga chini, mikono ikiwa imetulia, mkisubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi. Manatii huibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika tatu hadi tano, na akiwa amelala anaweza kukaa chini hata dakika 20, kwa hiyo ukiona kitu kikubwa cha kijivu kimetulia chini yako usielee juu yake, kwani hapo ndipo atakapoibukia.

Kuhusu kampuni, mimi huuliza mambo machache kwa simu kabla ya kulipa: wana kibali cha hifadhi cha kuongoza wageni, mwongozaji anaingia majini au anaelekeza kutoka kwenye boti, na anasimamia watu wangapi. Halafu nauliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu kama tutaruhusiwa kuwagusa. Kampuni nzuri itasema hapana, basi. Ile inayoanza kufafanua ni lini na kwa mkono gani, iache, na inayojitangaza kwa picha za wateja waliowashika manatii hata simu usiipige.

Tarehe usizifunge mapema mno ukiweza kuepuka. Wimbi la baridi likishapita Florida, siku mbili tatu zinazofuata manatii hujazana, ila uelewe kwamba asubuhi zenye baridi kali zaidi chemchemi za Three Sisters, ambazo ndizo zenye maji maangavu kuliko zote, hufungwa kwa waogeleaji zikishajaa wanyama. Hapo ziara haivunjiki, bali mtapelekwa sehemu nyingine za ghuba, ambako maji huwa na ukungu kidogo. Chagueni siku za katikati ya wiki, na muikwepe kabisa ile wikiendi ya sikukuu ya Martin Luther King.

Mwana wa Lamu anajibu:

Kaka wa Tampa ameeleza vyema, na sina la kupinga katika habari za baridi na sheria. Ninaloliongeza ni kwamba kamba za hifadhi hazimalizi tatizo. Nje ya kamba, siku ya Jumamosi ya Januari, unaweza kukuta boti nyingi zimetia nanga karibu karibu, na manatii mmoja aliyetoka kwenda kula amezingirwa na waogeleaji wa makundi tofauti, kila kundi likiwa na mwongozaji anayefuata kanuni zote. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemfukuza, lakini mnyama hana pa kupita. Hali huwa mbaya zaidi kwa mama mwenye ndama, maana ndama hunyonya na kumfuata mamake hadi miaka miwili, na wakitenganishwa huweza kupotezana.

Tukumbuke pia hali aliyo nayo mnyama mwenyewe. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilimpunguzia daraja la hatari, na baada ya miaka minne tu, mwaka 2021, zaidi ya manatii 1,100 walikufa Florida. Wengi walikufa kwa njaa upande wa Atlantiki, katika mkono wa bahari uitwao Indian River, ambako uchafu unaotiririka kutoka nchi kavu ulistawisha mwani, mwani ukazuia mwanga wa jua, na nyasi za majini zikafa. Kings Bay yenyewe iliwahi kusongwa na mwani, ikabidi nyasi zipandwe upya kwa mikono. Ukiongeza boti, ambazo rafadha zake zimewachana manatii wengi kiasi kwamba watafiti humtambua mmoja mmoja kwa makovu ya mgongoni, utaona kwa nini sipendi ziara hizi zielezwe kana kwamba hazina gharama.

Hata hivyo sisemi usiende. Sisi wa mwambao tuna sababu ya pekee ya kwenda. Nguva walikuwapo Lamu, na hadi leo huonekana kwa nadra kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, lakini jarife na kupungua kwa nyasi za bahari vimewamaliza kiasi kwamba mvuvi kijana anaweza kuzeeka asimwone hata mmoja. Kundi la maana lililobaki upande wetu wa Bahari ya Hindi liko Bazaruto, Msumbiji. Mtoto wako akimwona manatii akila taratibu mbele yake, atakuwa ameona jamaa wa karibu kabisa wa mnyama ambaye bibi yake huenda amemsikia katika hadithi tu. Ninachoomba ni kwamba mkimwona mama na ndama, mrudi nyuma hata kama mwongozaji hajasema.

Mkazi wa Tampa anajibu:

Ndugu wa Lamu, hilo la Jumamosi ni kweli tupu, ndiyo maana nikasema katikati ya wiki. Lakini tuweke na upande wa pili. Ardhi inayozizunguka chemchemi za Three Sisters ilikuwa imepangiwa ujenzi wa nyumba, na iliponunuliwa mwaka 2010 ili iwe mali ya umma, fedha zilitoka serikalini na kwa wachangiaji wa kawaida. Mji unaoishi kwa manatii ulikuwa na sababu ya kuipigania ardhi hiyo. Mimi naona bila wageni pangekuwa na nyumba za matajiri pale na gati mbele ya kila nyumba.

Bi Mkubwa wa Orlando anajibu:

Mwanangu Mama Nuru, wanaume wameshughulika na sheria, mimi nizungumzie mama. Nilikwenda na wifi yangu wa makamo yake, naye alifurahi kuliko walioingia majini.

Kuna njia mbili. Kampuni nyingi hukubali mtu apande boti kama mtazamaji kwa bei ya chini, akabaki na nahodha. Manatii hupita kando ya boti na kuvuta pumzi kwa mkoromo unaosikika wazi. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda kwa mtu mzima, ni kuzitazama chemchemi za Three Sisters kutoka nchi kavu. Pana njia ya mbao iliyozunguka ukingo wa maji, na siku ya baridi kali, zile ambazo waogeleaji wamezuiwa, mama atawaona manatii wamelala bega kwa bega chini ya miguu yake wakati nyinyi mnahangaika kwenye ghuba. Ukipata muda, teremkeni hadi Homosassa, kusini kidogo ya hapo, kwenye hifadhi ya jimbo yenye chumba cha vioo kilichozama majini, ambamo mtu husimama akiwa mkavu na kuwatazama samaki na manatii. Tena huko pana manatii wanaouguzwa.

Jambo la pili ni baridi, na hili msilidharau nyinyi watu wa Tanga. Maji ya nyuzi 22 yanaitwa ya uvuguvugu kwa sababu hewa ya alfajiri inaweza kuwa chini ya nyuzi 10. Mkiwa ndani ya maji na suti mtastahimili saa nzima. Mateso huanza mnapopanda botini mkiwa mmelowa na upepo unapiga. Bebeni makoti mazito, kofia za sufu na chai ya tangawizi kwenye chupa. Kwa mtoto, ulizeni mapema kama wana suti ya saizi yake hasa, maana ikimpwaya maji baridi yanaingia na kutoka, na baada ya robo saa atataka kurudi. Wewe unayejikongoja usiogope. Maji ya chemchemi hayana chumvi nyingi ya kukubeba kama baharini, lakini suti na boya vitakuelesha, na hakuna mahali utakapotakiwa kupiga mbizi. Kupiga mbizi kumfuata manatii kwenyewe kumekatazwa.

Mama Nuru anaandika:

Nawashukuru nyote. Tumeamua kwenda Jumanne au Jumatano ya mwisho wa Januari kutegemea utabiri wa hali ya hewa, na mama atabaki kwenye njia ya mbao na shangazi wa mume wangu atakayetukuta huko. Yamebaki mambo mawili madogo: mume wangu huvaa miwani ya macho, na mtoto amepewa kamera ya majini. Je, vyote hivyo vinaruhusiwa?

Mkazi wa Tampa anajibu:

Miwani ya macho haiingii ndani ya miwani ya majini, kwa sababu mikono yake huacha mwanya na maji yakapenya. Avae lenzi za machoni kama anazo, au waulize kampuni mapema kama wana miwani ya majini yenye vioo vya nguvu ya macho yake. Baadhi yao huwa nazo chache za kuazimisha. Kamera inaruhusiwa, ila mzime taa yake kabisa kabla hamjaondoka hotelini, na mkanda wake ufungwe mkononi mwa mtoto. Kile kijiti kirefu cha kushikia kamera kiacheni kwenye gari, kwa sababu watoto hukisogeza hadi usoni mwa mnyama bila kukusudia, na mwongozaji atamnyang'anya.