Mrejesho: gari langu la Scrap Mechanic sasa linakwenda

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zilizopita niliuliza kuhusu Scrap Mechanic, mchezo wa kompyuta wa kujenga magari na mitambo: kwa nini gari langu linazunguka palepale lilipo kama pia ya watoto, na mgeni aanzie wapi kwenye mchezo huu.

Aliyeniambia nikague beringi (kiungo kinachoruhusu kitu kilichofungwa juu yake kuzunguka) alipatia. Matairi ya kulia na ya kushoto yanatazamana, kwa hiyo beringi zikiachwa zilivyo, upande mmoja unasukuma mbele na mwingine unarudi nyuma. Nimegeuza mzunguko wa beringi za upande mmoja, gari likanyooka.

Usukani ndio ulionitesa zaidi. Kila gurudumu la mbele linataka beringi mbili: moja imesimama wima, hiyo inaunganishwa na kiti cha dereva ili ikate kona, nyingine imelala, inashika tairi na kuunganishwa na injini. Kiti nacho lazima kiunganishwe na injini. Mimi nilikuwa nabebesha beringi moja kazi zote mbili!

Ushauri wa kuanza na hali ya ubunifu (creative), ambako vifaa haviishi, naunga mkono kabisa. Kule kwenye hali ya kuishi (survival) usingepata nafasi ya kukosea hivi, roboti zinakuvamia shambani.

Jana binamu yangu aliingia kwenye mchezo wangu, tukagonganisha magari uso kwa uso. La kwake lilikuwa limebeba mitungi ya mlipuko mbele. Langu limebaki kiti na tairi moja, nami nimekaa juu yake. Nimefurahi mno.

Leo tunajenga lori. Asanteni sana, hasa mliochora michoro.