Mrejesho: mwanangu mgonjwa anayependa mambo ya anga

Niliuliza hapa nimleteeje mwanangu anga wodini, maana saratani ya damu imemfungia ndani. Asanteni sana, jamani.

Darubini ya mkono haikusaidia. Mawingu na taa za Nairobi vilituzidi, pete za sayari ya Zohali hatukuziona, akalia. Lakini Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka Dunia kwa dakika 90 hivi, tulikiona dirishani, nukta nyeupe isiyometameta. Aliwaita wauguzi wote!

Aliyetaja setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, Mungu akubariki. Sasa akiwekewa dripu anahesabu kinyumenyume kama warusha roketi. Kutapika bado kupo, na matibabu yanaendelea. Wazazi wenzangu, anzeni na kituo hicho, hakihitaji darubini.