Takwimu za udumavu duniani: je, madaftari ya vituo vyetu yanahesabiwa?

Bint Wete
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninafanya kazi katika kituo cha afya hapa Wete, ambako kila mwezi tunawapima watoto uzito na kuuandika katika kadi na daftari. Nimesoma kwamba mwaka 2022 watoto wapatao milioni 148 duniani, wenye umri wa chini ya miaka 5, walikadiriwa kuwa wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Je, madaftari yetu yamo katika hesabu hiyo? Na ni haki kumlinganisha mtoto wa Pemba na mtoto wa Norway?

Mpimaji wa Chake
Waalaykumu salaam, dada. Kwa kawaida makadirio ya udumavu hayatoki katika madaftari ya vituo, kwa sababu watoto wanaofika kituoni hawawakilishi watoto wote wa shehia, na uzito peke yake haumtambulishi aliyedumaa. Lazima urefu wake upimwe na umri wake ujulikane. Chanzo kikuu ni tafiti za kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, mfano ule wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, ulioihusisha Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Shirika la Afya Duniani, ambalo lilianza hifadhi yake ya takwimu hizi mwaka 1986, huzikagua na kuzikokotoa upya kwa utaratibu mmoja, na siku hizi hutoa makadirio kwa pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia.

Nimewahi kushiriki kazi ya kupima, na jambo ninalolihofia kuliko yote ni umri. Mama anaweza kukumbuka vyema kwamba alijifungua mwezi wa Mfungo Sita, karibu na Maulidi, lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo anayeigeuza tarehe bila kuuhakikisha mwaka atakosea. Mtoto wa kiume mwenye sentimita 75 akiwa na miezi 14 hajadumaa. Mwandikie miezi 17, naye tayari ameingia katika idadi ya waliodumaa. Ndiyo maana naomba kadi ya kliniki kabla ya kuufungua ubao wa kupimia.

Mzee wa Mkoani
Mwanangu, kuhusu Norway usiwe na wasiwasi. Vigezo vya ukuaji wa mtoto vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotolewa mwaka 2006, vilitokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, tena waliopimwa Muscat, ambako wengi wetu tuna jamaa. Walichaguliwa wanaonyonyeshwa, wanaoishi katika mazingira ya afya na ambao mama zao hawavuti sigara, na urefu wao ulikaribiana mno baina ya nchi. Kabla ya hapo rejea ilikuwa watoto wa Marekani pekee, wengi wao wa maziwa ya chupa, na hiyo ndiyo iliyostahili kulalamikiwa.

Bint Wete
Nashukuru sana. Basi daftari langu lina faida gani?

Mpimaji wa Chake
Kubwa, dada. Utafiti hutoa asilimia ya mkoa, haumjui mtoto wa jirani yako. Ukiona mstari wa uzito katika kadi umelala, haupandi, miezi miwili mfululizo, usisubiri takwimu za mtu. Mpime mzingo wa sehemu ya juu ya mkono, na ukiwa chini ya milimita 115, apelekwe kutibiwa siku hiyo hiyo.