Mkanda wa kunyanyua vyuma: nianze kuufunga nikifika uzito gani?

Chuma_Umoja
Wadau, hamjambo? Naomba mwongozo. Skwati yangu (kuchuchumaa na chuma mabegani) ya juu kabisa ni kilo 120, dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) kilo 150. Kwenye jimu ninayoenda huku Umoja, Nairobi, wengi hufunga mkanda tangu wanapoingia hadi wanapotoka. Kuna wanaoniambia bila mkanda nitaumia mgongo, na kuna wanaosema unadhoofisha tumbo. Nimshike nani? Na nikinunua, nichukue wa ngozi au wa kitambaa wa kubandika?

KochaDonholm
Karibu ndugu. Kwanza elewa mkanda unafanya kazi gani, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Mkanda haubebi mgongo. Ukivuta pumzi hadi tumboni, ukaifungia na kukaza misuli, shinikizo la ndani ya tumbo hupanda, kiwiliwili kinakuwa kigumu, na uti wa mgongo haupindi ovyo chini ya mzigo. Mkanda unalipatia tumbo ukuta wa kusukuma. Usiposukuma, umevaa ngozi bure.

Kwa hiyo ufunge kwenye mazoezi ambayo mgongo unabeba mzigo mkubwa: skwati, dedilifti, kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama. Mazoezi ya mikono na mashine za miguu hauna haja nao.

Uzito: anzia karibu asilimia 80 ya uwezo wako wa juu. Kwako ni kama kilo 96 kwenye skwati na 120 kwenye dedilifti. Chuma kitupu cha kilo 20, halafu 60, halafu 80, zote bila mkanda. Ufunge kuanzia 95 au 100. Misuli ya tumbo haizimiki ukiwa na mkanda, bado inakaza. Shida ni mtu anayeufunga kila seti (kila mzunguko wa marudio) tangu siku ya kwanza: hajifunzi kukaza mwenyewe, na siku mkanda haupo, kilo 70 zinamkunja. Na kama mgongo wako unajipinda kwenye 80, rekebisha mtindo kwanza. Mkanda hautaurekebisha.

Nyati_Kasarani
Naongezea namna ya kuufunga, maana nusu ya faida iko hapo. Uweke kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, kwa wengi ni usawa wa kitovu. Ufunge ukiwa umetoa pumzi kidogo, bila kuvuta tumbo ndani, ubakishe nafasi ya kidole kimoja au viwili. Kisha vuta pumzi ukijaza tumbo pande zote, mbele, ubavuni na nyuma, mpaka uhisi mkanda unakataa. Kifua kikipanda na tumbo likabaki palepale, umekosea, rudia. Fungia pumzi, shuka, panda, toa ukishapita sehemu ngumu. Vuta upya kila rudio.

Kosa ninaloliona sana ni kukaza kupita kiasi. Ukikosa nafasi ya kujaza hewa, shinikizo halijengeki, na unanyanyua ukiwa dhaifu kuliko bila mkanda. Legeza tundu moja.

Chuma_Umoja
Asanteni sana wakuu. Niliazima mmoja, kwenye skwati ulikaa vizuri, lakini nikiinama kushika chuma cha dedilifti unanichoma mbavuni. Ni mkanda mbaya?

Nyati_Kasarani
Si lazima. Kwenye dedilifti unainama zaidi, basi upandishe sentimita 2 au 3 na ulegeze tundu moja. Ukiendelea kuchoma, huenda kiwiliwili chako ni kifupi. Tafuta wenye upana wa sentimita 7.5 badala ya 10.

Ngozi_Kariokor
Kuhusu kununua. Wa ngozi, upana sentimita 10 kuzunguka kote, unene milimita 10, bizimu yenye ulimi mmoja. Huo utakutosha miaka mingi. Wa milimita 13 ni mgumu na unakwaruza ngozi. Ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa na shirikisho la kimataifa la powerlifting (mashindano ya kunyanyua uzito mkubwa kwa skwati, dedilifti na kusukuma chuma ukiwa umelala), na wewe bado hauuhitaji. Epuka ule mpana nyuma na mwembamba mbele, kwa sababu tumbo linasukuma mbele na hapo ndipo umepunguziwa ukuta. Wa kitambaa ni mwepesi, unafaa kwa anayefanya klini na snachi (kunyanyua chuma kwa kasi kutoka sakafuni hadi mabegani au juu ya kichwa), lakini kibandiko kikijaa nyuzi na vumbi huachia katikati ya seti. Wenye leva hufungwa haraka, ila kubadilisha kipimo unahitaji bisibisi.

Pima kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, usitumie saizi ya suruali. Chagua unaokufunga kwenye tundu la katikati. Ukipata wa mtumba soko la Gikomba, ukunje uone kama ngozi inapasuka, tikisa ribiti, angalia matundu kama yamevutika. Ukishonewa na mafundi wa ngozi wa soko la Kariokor, sema wazi unataka tabaka mbili za ngozi ya ng'ombe za milimita 5, zigandishwe na kushonwa kingo zote. Kagua ukingo kabla ya kulipa: wengine huweka sponji au kadibodi katikati, na hiyo inalegea upesi.

Tiba_Maungo
Tafadhali msipite hapa haraka. Kufungia pumzi chini ya uzito hupandisha presha ya damu kwa ghafla, na mkanda unaweza kuongeza. Mwenye presha, ngiri, mjamzito au aliyepasuliwa tumbo karibuni amwone daktari kwanza. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni au ganzi kwenye wayo, usiyafunike kwa mkanda. Acha uzito na ukapimwe. Na kila seti ikiisha, fungua. Ukisikia kizunguzungu, rudisha chuma kwenye stendi na ukae chini.

KochaDonholm
Jambo la mwisho, Chuma: mkanda mpya wa ngozi ni mgumu. Uviringishe kwa mkono, ndani na nje, kila jioni kwa wiki moja. Kisha uuzoee kwenye kilo 85, seti mbili za marudio matano, kabla ya kuupandisha kwenye uzito mkubwa.